Wingu Halina Nywele

Al-Mahjar, Jeddah
19 Februari 2023

Mpendwa Shangazi Chebet,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: sitaki kuwa muuguzi kama yeye. Nataka kusomea nyota. Sasa nikusalimu vizuri. Hujambo? Mguu umepona? Sisi tuko salama, ila mimi bado nina hasira.

Unakumbuka ulivyonisuka kwa uzi mweusi likizo ile? Uzi huohuo unauzwa hapa Jeddah, mtaa wa Ghulail. Niliutumia kutengeneza mfano wa wingu ambamo nyota huzaliwa. Si wingu la mvua. Ni gesi baridi iliyotanda angani, na ndani yake hujikusanya kuwa nyuzi ndefu. Gesi hutiririka kufuata nyuzi hizo, na zinapokutana gesi hurundikana mpaka nyota ziwake. Pamba ilikuwa wingu, shanga nyota, na uzi ndio uliozilisha.

Mwalimu Josphat, anayetufundisha sayansi, aliutazama mfano akacheka. "Jepkoech, umetuletea saluni? Wingu halina nywele."

Laban, mwanafunzi mwenzangu, akadakia kwamba siku hizi hata nyota zinasukwa Ghulail. Mwalimu akachukua mkasi, akakata nyuzi zote ili kazi ionekane safi. Halafu akasema Laban ndiye atakayeeleza kwenye mashindano ya sayansi ya Riyadh, kwa kuwa sauti yangu haisikiki. Shangazi, ile ni kazi yangu. Nyuzi si pambo. Ukizikata, nyota zinakosa chakula. Na mtu kuwa mpole si ruhusa ya kumnyang'anya.

Riyadh nilipewa kubeba boksi. Mwamuzi mmoja, mama wa Kisudani, alimuuliza Laban gesi inafikaje kwenye nyota. Laban akajibu inaanguka tu.

"Inapitia wapi?"

Laban akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama sakafu.

Nilishusha mtandio mabegani. Nikafumua uzi mweusi wa msuko mmoja kichwani mwangu, nikaufunga kutoka ukingo wa pamba hadi kwenye shanga. Haukutosha, nikafumua wa pili na wa tatu. Nilieleza mpaka mwisho, nywele zimesimama upande mmoja. Mwamuzi hakuniambia nipaze sauti. Alisogea karibu.

Nisalimie Bibi na Stephen. Mungu akupe nguvu za kutembea tena bila fimbo.

Barua hii sijaifunga. Nimeiweka mezani ili Mama aisome kwanza.

Binti wa kaka yako, akupendaye,
Jepkoech