Mkono Mlangoni pa Jiko

Runazi, 4 Juni 2023

Iradukunda binti yangu,

Tumbo linaendeleaje? Natumaini unamtii nesi na unapumzika. Mimi mzima, ila masikio yanazidi kuzima. Kwenye simu nasikia mvumo tu, ndiyo maana nakuandikia na kumpa Anatory, kondakta wa basi, akuletee.

Mama yako amekataa kula. Tangu kiharusi cha Pasaka alikuwa akinywa uji. Sasa anageukia ukutani. Jirani yetu Magdalena ameleta mlenda, samaki, maziwa mgando, vyote vimerudi. Juzi nikamuuliza anataka nini. Akalitoa neno moja kwa shida: "Karoti." Nikaelewa ni ile nyama ya ng'ombe aliyokuwa akiikaanga na mboga kila siku ya mnada. Nimeila miaka yote hii nikisoma gazeti, sijui inavyopikwa. Nifundishe.

Baba yako


Rusumo, 9 Juni 2023

Shikamoo baba,

Mimi na aliye tumboni hatujambo, ila nimekatazwa kupanda gari mpaka nijifungue. Vinginevyo ningekuwa nimeshafika. Mama asiumie akidhani nimemsahau.

Nunua steki buchani kwa Mashimba. Ikate nyembamba kwa kukatiza nyuzi zake, usizifuate. Ikaushe maji, ipake tangawizi na chumvi. Mafuta yakishapata moto sana, kaanga nyama kidogo kidogo, uitoe. Ndipo vitunguu, karoti, hoho, na kabichi mwishoni. Rudisha nyama, geuza, epua. Karoti za mama zikate kama njiti za kiberiti, asije akapaliwa. Muhimu zaidi, sikiliza sufuria: nyama inayokaangika hulia. Ikinyamaza, ujue inachemka.

Mwanao, Iradukunda


Runazi, 15 Juni 2023

Marahaba binti yangu,

Tunashukuru kuwa mu wazima. Nimepika, na nimeshindwa. Nyama ilielea kwenye maji ya kijivu. Magdalena akachungulia: "Babu, hii umeipika au umeiogesha?" Mama yako alionja, akatema, akasema: "Lukole."

Pengine ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, kuni zilifuatwa mbali, tukapikia vijiti vitatu, kila kitu kikitokota pamoja hadi kilainike. Mpaka leo napikia vijiti vitatu. Rundo langu la kuni nyuma ya nyumba limefika dirishani, lakini mkono unakataa kuongeza.

Na hiyo habari ya kusikiliza sufuria, umesahau unamwandikia nani.

Baba yako


Rusumo, 19 Juni 2023

Shikamoo baba,

Nisamehe kuhusu masikio. Afya yangu ni ileile, miguu imevimba tu.

Lukole naikumbuka. Nakumbuka mgongo wa mama, na mzigo wa kuni ukiwa kichwani kwake juu yangu. Baba, choma hilo rundo. Zichome hata zote. Na godoro la mama lisogeze mpaka mlangoni pa jiko. Yeye anasikia.

Mwanao, Iradukunda


Runazi, 26 Juni 2023

Marahaba mwanangu,

Miguu iinue juu ya mto ukilala. Mama yako alifanya hivyo alipokubeba wewe.

Niliwasha moto mkubwa hata Magdalena akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Mama yako nilimlaza mlangoni. Tulikubaliana: nyama ikilia, anyanyue ule mkono mzima, ikinyamaza, aushushe. Nikapika nikimtazama yeye, si sufuria. Mkono uliposhuka, niliongeza kuni. Ukapanda tena.

Alikula, binti yangu. Alimaliza kisahani, akafuta mafuta kwa kidole, kisha akanikunjia uso: "Karoti mbichi." Sijasifiwa hivyo tangu nianze kufundisha shuleni.

Baba yako


Rusumo, 24 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Hali yako siulizi, naijua.

Simu ya Magdalena ilinikuta wodini, mshono ukiwa bado mbichi. Mlimzika bila mimi, na mjukuu wake hakumwona. Niambie kitu kimoja tu. Aliendelea kula?

Mwanao, Iradukunda


Runazi, 6 Agosti 2023

Marahaba binti yangu,

Nimefurahi kusikia kwa Magdalena kwamba mshono umeanza kukauka, na kwamba mtoto ananyonya vizuri.

Alikula. Kila siku ya mnada nilipika, na kila mara aliilalamikia karoti: mbichi, nene, chache. Mnada wa mwisho alitafuna polepole, akamaliza, akaniangalia, asiseme kitu. Hapo nikajua.

Lile rundo limekwisha. Kilichobaki kiliwaka uani siku za matanga, na watu walikaa na joto mpaka asubuhi. Akina Mashimba wameniletea kuni nyingine. Sizipangi tena.

Jana nilipika. Nilimimina nyama, nikageukia mlangoni kwa mazoea. Nilisimama hivyo nikingoja mpaka moshi ukanifikia. Iliungua upande mmoja. Nimeila hivyohivyo.

Shingo ya mtoto ikikaza, njoo naye. Utakaa pale mlangoni. Usihangaike kuniita, sitasikia. Nyanyua mkono tu.

Baba yako