Beki Niliyemtema

Mjukuu wangu Baraka,

Huku Guangzhou mimi na bibi yako tu wazima. Shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza kama uwashauri wakubwa wa timu yenu ya futiboli ya Kimarekani wamteme yule mkongwe mzito kabla ya msimu.

Ujanani, nikiwa nahodha wa timu ya mtaa kule Morogoro, nilimtema beki wetu Saidi kwa uzito wake. Mechi ya kwanza tukafungwa matano. Vijana walikuwa wepesi, lakini hakuna aliyewapanga. Nikamwendea Saidi na aibu yangu.

“Umekuja mwenyewe?” akacheka. “Basi ngoja nitafute viatu.”

Mechi iliyofuata alikimbia kidogo, akasema sana, tukatoka sare. Sare ile niliifurahia kuliko ushindi.

Huyo mkongwe wenu, umeshamsikiliza akiwa uwanjani?

Babu yako,
Elia