Maneno ya Kaka Humudi Niliyoyapunguza

Ibra, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute huna homa, na yale magoti yawe yamepoa tangu ulipoacha kupanda ngazi za ghorofani. Sisi huku Uarabuni wazima. Mke wangu Zuwena ana mimba ya miezi sita na anataka embe mbichi, kitu ambacho Ibra nzima hakipatikani. Nilimpelekea ndimu, akanitazama kama niliyemletea mawe.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa kitako, Mama, na dada Asha anayekusomea asiruke mstari hata mmoja.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba madaktari wa jeshi wamempima kaka Humudi wasione ugonjwa. Ukaniamini. Ukamwandikia yeye kwamba mwanamume mzima halali mchana kwa ajili ya kichwa, ainuke ashike kazi. Nilimsomea mimi barua ile, maana akisoma mwenyewe macho yanamuuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni. Na mimi nikanyamaza.

Mama, kaka si mvivu. Tangu kombora lilipopasuka karibu naye vitani, kule kwenye majabali ya Dhofar, kichwa kinampiga. Hana kovu la kumwonyesha mtu, na hapo ndipo ilipo taabu yake. Kikimshika huingia ghala la tende la ami Nasoro huko Al Qabil, akafunga mlango, akajilaza baina ya magunia. Jogoo akiwika nje, yeye ndani anatapika. Siku tatu, pengine nne. Udereva ulimshinda, na duka likamshinda. Askari aliyeumia vitani ana haki ya pensheni, lakini lazima kwanza bodi ya madaktari ikubali kwamba ameumia.

Tulikwenda mbele ya bodi Nizwa. Kiarabu cha kaka unakijua, ni cha sala na cha sokoni, na daktari alikuwa Muingereza, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, maana ndiyo kazi yangu. Daktari akauliza hali. Kaka akaanza kama ulivyotulea, "Alhamdulillahi, sijambo," maana kwetu mtu hafungui mdomo kwa malalamiko. Kisha akaeleza yote: ghala, kutapika, na jinsi kichwa kikianza anavyouona uso wa mtu nusu tu, nusu ya pili kiza. Alisema kwa muda mrefu. Mimi nikamwambia daktari kwa Kiingereza, "Anasema hajambo, ila kichwa humuuma mara mojamoja."

Utaniuliza kwa nini. Karani wa bodi alikuwa mzee mmoja wa mji wa Mudhaibi, Kiswahili hajui lakini Kiingereza anakisikia vizuri. Huyo ni ami yake Zuwena. Wakati ule nilikuwa nimepeleka posa kwao, jibu bado. Unawajua watu, wakisikia maradhi ya kichwa watasema ni ya ukoo, na wengine watatia na majini. Nikaogopa kunyimwa mke. Basi nikamtoa kafara kaka yangu nipate mke, sina jina jingine la kuliita jambo hilo.

Bodi ikaandika kwamba hana ugonjwa. Njiani kurudi nikamwambia kaka, "Ile sijambo yako ndiyo iliyotuponza." Akaniitikia kwa kichwa tu. Siku ya harusi yangu alikaa na wanaume karibu na ngoma mpaka mwisho, uso umemgeuka rangi ya jivu, na kila aliyempa mkono alimchekea.

Nafasi ya kukata rufaa ilikuwa inakaribia kupita, na roho haikunipa tena. Nilimfuata ghalani nikakaa chini kizani.

"Kaka," nikasema, "si ile sijambo yako. Ni mimi. Sikuyasema uliyoyasema."

"Nnajua," akajibu, hata hakuinua kichwa. "Mie nilisema maneno chungu nzima, wewe ukasema mawili. Kizungu sikijui, lakini masikio nnayo."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungeoa?"

Nililia, Mama. Sijalia vile tangu tulipomzika Baba.

Nikaandika rufaa kwa mkono wangu, nikakiri kwamba nilitafsiri kwa hiana. Nikasimama mbele ya bodi nikarudia, yule mzee wa Mudhaibi akinisikiliza. Safari hii mkalimani walimweka nesi mmoja aliyekulia Unguja, mimi nikangoja nje. Walikaa na kaka karibu saa nzima. Juzi majibu yamekuja: wamekubali kwamba maradhi yake ni ya vita. Kazini nimeondolewa kwenye ukalimani, napiga chapa tu, na ami yake Zuwena hajakanyaga kwetu tena. Zuwena naye alininunia wiki nzima, si kwa sababu ya kichwa cha kaka, bali kwa kumdhania kwamba angenikataa kwa hilo.

Kaka ameniomba nisikuandikie haya. Anaogopa utaniondolea radhi, nami nakaribia kuwa baba. Lakini kila barua yako unanisifu kwamba ndiye ninayemtunza ndugu yangu, na kila sifa inanichoma. Siwezi tena kuzipokea.

Nisalimie dada Asha na mumewe, na shangazi Moza mwenye dua zake za alfajiri, aniombee. Mwambie bibi jirani kwamba buibui lake nimeshalinunua, linangoja msafiri.

Ukitaka kunikasirikia, Mama, nikasirikie, nastahiki. Ila karatasi ya kwanza utakayoiandika usiniandikie mimi. Mwandikie kaka Humudi, umwambie kwamba umejua alikuwa anaumwa kweli. Bodi imeshamwambia, lakini naona hajaamini, anakungoja wewe. Mimi naweza kungoja.

Mwanao aliyekosa,
Salimu