Mguu wa Kemunto Kwenye Njia ya Mashuhuri

Mama yangu mpendwa,

Wewe umepumzika, lakini mambo yako bado yanabisha hodi kwangu. Wiki iliyopita watu wa kamati walikuja nyumbani Sironga, wamevaa suti na viatu vya kung'aa, wakaruka matope ya boma letu kama kuku walionyeshewa. Niliwapikia chai nikidhani wanatafuta kura mapema. Kumbe walikuwa wanakutafuta wewe.

Mjini Nyamira wanatengeneza njia ya watembea kwa miguu, kutoka upande wa ofisi mpaka sokoni, na viongozi wameamua kuiita Njia ya Mashuhuri. Kila mtu aliyeliletea eneo hili sifa atawekewa jiwe chini, yale mawe laini yanayochongwa kule Tabaka, lenye jina lake na sentensi moja ya jambo alilofanya. Kando ya jiwe kutakuwa na simenti mbichi, na mwenyewe atakanyaga hapo aache alama ya mguu. Yupo daktari, yupo mwimbishaji wa kwaya, yupo mkimbiaji mmoja ambaye siku hizi hata dukani haendi kwa miguu. Na wewe upo.

"Mwalimu Kemunto hatuwezi kumwacha nje," mwenyekiti aliniambia. "Ni yeye alinishika mkono nikaandika a, e, i, o, u."

Nililia, Mama, kwa furaha kabisa. Furaha yenyewe haikumaliza kikombe cha chai. Nikamuuliza, sasa marehemu atakanyaga vipi? Mwenyekiti akacheka, akanyoosha kidole kule alikokuwa binti yangu akimenya ndizi.

"Si Kemunto yuko hapa? Kwetu mtu akienda, jina linabaki na mtu. Aliyepewa jina ndiye ataweka mguu. Tumekubaliana hivyo kwa marehemu wote."

Wenzake wakapiga makofi. Mtoto akaacha kisu, akautazama mguu wake, akatabasamu.

Hukumwona huyu mtoto. Alizaliwa ulipokuwa umeshatuacha, na nilipomwita jina lako hakuna aliyeshangaa, ndivyo tunavyofanya. Mimi mwenyewe humwita Mama. Majirani wenye utani humwita Mwalimu, na yeye huitika bila aibu, kisha huwakosoa hesabu. Ana kisigino chako kile kipana na namna yako ya kusimama amejishika kiuno. Kamati nzima iliona jambo hilo ni zuri. Mimi peke yangu niliogopa, kwa sababu jina lako, Mama, halikubaki peke yake. Lilibaki na yale yaliyosemwa juu yako.

Nakumbuka mchana ule kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Nilikuwa darasa la saba. Mtoto wa jirani alikuwa amekufa baada ya kuugua siku chache tu, na watu wakakumbuka kwamba Nyanya Moraa, mjane aliyeishi peke yake kule chini karibu na mto, alikuwa amempa ndizi mbivu. Hilo likatosha kumwita mchawi. Tulisikia filimbi kwanza, halafu miguu. Wewe ulikuwa umeshamleta Nyanya Moraa jikoni kwetu na kumfunika na magunia ya mahindi. Ulisimama mlangoni, vidole bado vina chaki. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika sketi yako kwa mikono miwili.

Walijaa uani. Onchari alikuwa mbele na mtungi wa mafuta ya taa. Nilisubiri upige nduru. Badala yake ulianza kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ile ya darasani. Huyu ulimkumbusha alivyokojoa kwenye dawati, yule ulimuuliza kama mama yake anajua yuko wapi.

"Onchari, weka huo mtungi chini. Ulikuwa unalia ukiachwa mlangoni mwangu asubuhi. Leo umekuja kunichomea nyumba?"

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, na kicheko hicho kiliwavunja nguvu. Waliondoka wakinung'unika. Mmoja alirusha jiwe kwenye bati ili asionekane ameshindwa. Ulifunga mlango, ukakaa chini kwenye majivu na sketi yako safi, na nilipokupa maji ulishindwa kushika kikombe. Mpaka dakika ile nilidhani huogopi.

Nyanya Moraa aliishi nasi mpaka kifo chake. Na wewe ukaanza kulipa. "Kama si mwenzake, angemficha kwa nini?" Hakuna aliyekwambia usoni, lakini watoto walihamishwa darasa lako taratibu, na maziwa yetu yakakosa mnunuzi. Unakumbuka kanisani Nyanchwa, Sabato ya meza ya Bwana, kina mama wanapotafutana wawili wawili kutawadhana miguu? Nyanya Moraa alibaki kwenye benchi na hakuna aliyemtazama. Ulichukua beseni ukapiga magoti mbele yake. Ulipomaliza, yeye akakuosha wewe, na benchi lote likawa limehama. Nilikuwa msichana mkubwa tayari na niliona haya, halafu nikaona hofu, kwa sababu niliona macho ya wale wanawake.

Miaka ikapita, wakasahau, au wakajifanya. Kwenye matanga yako walikuja wote wakala vizuri sana. Lakini jambo lile lilikuwa limelala tu. Kemunto alipozaliwa, mteja mmoja alikuja dukani kwangu kununua uzi, akaniuliza taratibu huku akichagua rangi, "Umempa jina hilo? Si wanasema hiyo kitu hushuka kutoka kwa nyanya mpaka kwa mjukuu?" Alinunua uzi mweupe akaenda zake. Mimi nilifunga duka mapema.

Alhamisi asubuhi Onchari alikuja. Sasa ni mzee wa heshima, nywele nyeupe, fimbo mkononi, shamba lake la chai limepakana na letu. Hakukaa.

"Bwakire buya, Mama Kemunto. Nimesikia mambo ya Mwalimu. Tumefurahi sana."

Nikamwitikia na kumshukuru.

"Sasa, kwa hiyo jiwe wataandika nini?"

Nikamwambia sijui, kamati ndiyo inayoandika.

"Waandike alifundisha watoto. Hiyo inatosha. Mambo ya zamani hayana haja." Akatazama kule kwenye kamba ya nguo, sare ya Kemunto ilipokuwa imeanikwa. "Huyu mtoto wako hupita kwangu kila siku akienda shule. Mtoto mzuri. Ana adabu."

Akaniaga vizuri kabisa. Mama, sijui kama lile lilikuwa tisho. Nimeligeuza kila upande. Labda ni mzee anayeogopa wajukuu wake kujua alichobeba siku ile. Labda alimsifu mtoto kwa sababu kweli ana adabu. Lakini tangu Alhamisi mimi ndiye ninayempeleka Kemunto shuleni, na tunazunguka kwa barabara ya juu. Nikisikia filimbi ya watoto wakicheza mpira, namvuta Kemunto ndani.

Nilipokuwa mdogo wasichana wa mtoni walinifundisha kufuta alama za miguu yangu, kwamba omorogi, yaani mchawi, akizoa udongo uliokanyaga amekumaliza. Uliniona nikifuta, ukanicheka: "Mguu ni mguu. Ukitoka hapo yanabaki matope tu." Nakubaliana nawe mpaka leo. Nimebatizwa, siogopi udongo. Ninaogopa watu wanaouogopa. Ninafikiria ule mguu mdogo sokoni, umekauka kwenye simenti, na jina kando yake, mwaka baada ya mwaka. Siku mtoto wa mtu atakapougua pale Nyamira na hospitali ikashindwa, mtu atasimama juu ya alama hiyo na kukumbuka. Kemunto atakuwa ana miaka kumi na tano, au ishirini, au atakuwa mjane anayeishi peke yake karibu na mto. Wewe hutakuwa mlangoni.

Nilifikiria kukataa kila kitu. Nilijua hata maneno ya kusema, kwamba marehemu hakupenda makuu. Mwenyekiti angeelewa, Onchari angenisalimia kwa furaha, na mtoto angepita njia ya chini kama zamani. Nilikaa na simu mkononi nikijiandaa kusema hivyo.

Leo mchana mwenyekiti amepiga yeye mwenyewe. Alitaka nikubali sentensi ya jiwe kabla fundi hajaanza kuchonga. Akanisomea: "Mwalimu aliyependa watoto."

Nikaona mlango ule, Mama. Nikaona na wale watu, sasa ni mababu, wazee wa kanisa, mmoja ni mweka hazina wa chama cha chai. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala jela kwa ajili ya mchana ule. Hakuna anayeota ndoto za moto. Ni wewe uliyewapa hayo, na hawajawahi kukushukuru.

"Hapana," nikasema. "Andika: Alisimama mlangoni, na hakuna aliyeuawa."

"Mama Kemunto, hao watu bado wako. Wengine tumewaalika viti vya mbele."

"Najua. Sijataja jina la mtu. Andika."

"Sawa. Basi Jumapili kwenye sherehe utuletee mtoto mapema, simenti isikauke."

"Mtoto hatakuwepo. Anaenda kwa shangazi yake Keroka. Nitakanyaga mimi."

"Lakini si wewe uliyepewa jina. Tulikubaliana..."

"Mwenyekiti, anayetaka mguu wa nyumba hii atachukua wangu."

Nikakata simu kabla ujasiri haujaisha, na ulikuwa unaisha. Kemunto amenuna. Alishachagua soksi za kuvua mbele ya watu. Sijamweleza, nimemwambia tu shangazi ana ndama mpya, na hilo ni kweli. Atanikasirikia mpaka atakapokuwa mkubwa, na mimi nitakubali, mradi awe mkubwa.

Ninaogopa, Mama. Naogopa Jumapili, na zaidi naogopa Jumatatu, wageni watakapokuwa wameondoka na kubaki sisi na majirani. Najua tunavyofundishwa, kwamba umelala na husikii lolote mpaka siku ile ya parapanda. Zamani fundisho hilo lilikuwa linaniumiza. Leo nalishukuru. Sitaki usikie haya. Lala tu.

Ni mimi binti yako,
mama wa Kemunto.