Kumtambulisha Mtani Wangu Mbele ya Kambi

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Kuchimba mtaro tangu asubuhi, barabara ya Ilongero. Upepo baridi, vumbi kinywani. Jioni posho ileile: unga wenye uvundo na wadudu. Alfonsi, niliyetoka naye Songea, katapika tena. Hawezi kusimama. Nyapara anasema ni uvivu. Uvivu!

Jumatano, 8 Agosti
Keshokutwa anakuja karani wa serikali anayesimamia vibarua, kutoka Tabora, kutuhutubia juu ya bidii. Nyapara kanichagua mimi nimtambulishe, kwa kuwa nilifika darasa la tatu. Maneno kanipa yeye: niseme mgeni ni baba yetu, tunakula tukashiba, tunashukuru. Tunashukuru nini? Nikikataa nafukuzwa, na Alfonsi hana mwingine wa kumchotea maji. Nina hasira mpaka kichwa kinauma.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimeulizia kabila la mgeni. Mnyamwezi. Basi ni mtani wangu, maana mimi Mngoni. Mtani hashtakiwi kwa neno lake. Hata msibani tunatukanana na hakuna anayekasirika. Mgeni analijua hilo. Kama amelisahau, nimekwisha.

Ijumaa, 10 Agosti
Nilisimama. Nikataja jina lake, kazi yake, alikotoka. Kisha nikasema, "Ndugu zangu, huyu ni mtumwa wangu. Tena mwizi! Unga mzuri kala yeye, wa wadudu katuachia sisi. Alfonsi yuko kibandani anakufa kwa unga huo. Haya, msikilizeni, yeye tumbo limejaa."

Nyapara akanyanyua fimbo. Mgeni akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mngoni wewe! Babu zako walitukimbia, ngao wakaacha njiani. Leteni huo unga, nimwumbue huyu mwongo."

Ukaletwa. Akaingiza mkono, akanusa. Kicheko kikaisha. Akamtazama nyapara muda mrefu. Hotuba ya bidii ilikuwa fupi sana.

Sikufurahi. Wiki nzima tumelalamika kwa adabu, hakuna aliyesikia. Mpaka niugeuze ugonjwa wa mwenzangu kuwa mzaha! Inaniudhi.

Jumatatu, 13 Agosti
Magunia mapya yalikuja Jumamosi. Unga mkavu, mweupe. Mimi nimehamishiwa kwenye kuponda mawe. Nyapara hajaniambia sababu, sikumwuliza. Viganja vimechubuka.

Alfonsi kanywa kikombe kizima cha uji. Haukurudi. Sasa amelala, anakoroma.