Mstari wa Saa Moja na Nusu

Newala,
12 Septemba.

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Silvesta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto wote hapo Makote, na kwamba kile kifua cha shemeji kimeshapoa. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Pili anakusalimu sana, na watoto wanaendelea na shule. Ya mwilini ni salama. Ya rohoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu ungenikatia kabla sijafika mwisho.

Korosho ulizompa kondakta wa basi nimezipata, pamoja na ujumbe kwamba ni za huyo mkubwa atakayemrudisha bwana shamba wenu, Bwanali. Unasema tangu ahamishiwe kule bondeni Ruvuma, ambako hata simu haishiki, hakuna mtu wa kilimo aliyekanyaga shambani kwenu, na maua ya mikorosho yote yamekauka kwa ubwiriunga, ule ukungu mweupe. Unasema mdogo wako niko ofisini na wakubwa, sasa nishindwe na nini. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali kidogo.

Unamkumbuka Mama Huruma, mkuu wangu nilipoanza kazi Masasi? Yule mama akiingia ofisini anauliza kwanza nyumbani hawajambo. Ukikosea anakuita pembeni, mnamalizana, mnarudi kunywa chai. Pikipiki nzima hatukuwa nayo hata moja. Nilikuwa naendesha baiskeli mpaka vijiji vya Lulindi, na kurudi narudi naimba.

Huyu tuliye naye sasa, ah! Huyu hata majina yetu hayajui. Siku ya kwanza tu alileta daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu, akatangaza kwamba saa moja na nusu kamili mstari unapigwa, na atakayesaini chini ya mstari ni mtoro, aandike barua ya kujieleza. Tukamweleza kwa adabu kwamba salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ubwiriunga, hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza, kwa hiyo saa hizo mtu wa kilimo anatakiwa awe shambani kwa mkulima. Akatujibu kwamba mikorosho haimlipi yeye mshahara. Basi, tukawa tunasaini, tunakaa, tunatazamana mpaka saa tisa na nusu. Nyie wakulima mkatusema wavivu. Hatukuwa wavivu, dada, tulikuwa waoga. Shamsia wa mifugo siku hizi anameza vidonge vya presha, na unamjua, bado ni binti mdogo.

Bwanali peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa anaanzia mashambani, ofisini anaingia saa tatu, suruali imejaa vumbi la salfa, anasaini chini ya mstari huku anacheka. Barua za kujieleza alishaandika mbili. Mkuu akasema ya tatu ni uhamisho.

Sasa nisikilize. Mwezi wa saba mkuu alinikaimisha kitengo, akanikabidhi daftari na ile kalamu. Akaniambia kaimu asiyeandika watoro naye ni mtoro, asitegemee kuthibitishwa. Nilikitaka kile kiti, dada, nisikufiche. Miaka kumi na moja nimekuwa mtu wa kutumwa tu, nikasema na mimi nikae.

Alhamisi moja asubuhi ulinitumia ujumbe kwenye simu kuwa Bwanali yuko kwenu, anawaelekeza namna ya kushika mashine ya kupulizia, na Mungu ambariki. Niliusoma kalamu ikiwa mkononi. Saa moja na nusu ilipofika nikapiga mstari, na chini yake nikaandika: Bwanali, mtoro, hajulikani alipo.

Ni mimi, dada. Hakuna mkubwa mwingine wa kupelekewa korosho.

Barua yake ya kujieleza ilipitia mezani kwangu. Niliifungua nikijua atataja shamba lako na mimi nitaumbuka. Hakulitaja. Aliandika tu kwamba alichelewa na hana la kusema. Alipokuja kuniaga alinipa mkono, akaniomba nikukumbushe kupuliza tena baada ya wiki mbili. Sikukupigia. Nilishindwa kulitamka jina lake mbele yako, na wiki mbili zikapita, na maua yako yakaenda nazo.

Juzi nimethibitishwa. Kiti ninacho, na sina raha nacho hata chembe. Nikiingia ofisini wenzangu wananyamaza, kama tulivyokuwa tunamnyamazia mkuu. Mara tatu nimemwandikia mkuu barua ya ukweli wa Alhamisi ile, na mara tatu nimeichana mwenyewe.

Korosho nazirudisha kwa basi lile lile, mfuko sijaufungua. Shemeji msalimie. Ukimwambia haya ni haki yako, na mkisema nisije Krismasi nitaelewa. Nilitaka nimalize kwa kukuahidi kwamba kesho nitaiweka chini ile kalamu, lakini nimeshakudanganya vya kutosha.

Ni mimi mdogo wako,
Alfredi