Jina Nililolikata kwenye Cheti cha Baba

Kola, Jumanne tarehe 4. Asubuhi ya ukungu, mahindi yamelowa.

Mwende mjukuu wangu,

Sisi hatujambo; mama yako anakusalimu. Umeniuliza uandike jina gani kwenye programu ya ukoo, maana kwenye cheti cha jeshi cha baba yangu jina Mutua limekatwa, na juu yake pameandikwa Kioko.

Mwandiko huo ni wangu. Aliyeitwa jeshini alikuwa ndugu yake mkubwa, Mutua. Mutua aliugua, baba yangu Kioko akaenda kwa jina lake. Nilipokuwa sekondari niliona hilo ni kosa, nikalisahihisha kwa kalamu. Baba alipokipeleka cheti ofisini ili aandikishwe miongoni mwa askari wa zamani, kilikataliwa.

“Umeandika vizuri, mwiitu wakwa, binti yangu,” aliniambia. “Lakini huko jeshini hawamjui Kioko.”

Hakutaja vita tena mpaka tukamzika.

Kwa hiyo andika Mutua, kama cheti kilivyosema mwanzo. Kwenye maelezo ya chanzo, eleza kwamba aliyepigana ni Kioko, na kwamba aliyekata jina ni mimi, binti yake. Usiniache nje.

Nilianza barua hii asubuhi. Sasa ni saa tatu na robo usiku, nalala.

Susu wako